Hewa ya Bukavu

Nerima, fundi wa viyoyozi, aliitwa mtaa wa Ggaba kukagua nyumba ambayo Mama Bibiane, mshonaji kutoka Kongo, alitaka kuipanga.

"Hii nayo ni nini, mwanangu?" mama aliuliza kila walipopita.

"Kompresa, mama. Ndiyo inayosukuma gesi." Akamwonyesha mabomba ya shaba ukutani, kisha ndani, kichujio kilichozibwa na vumbi. Akakiosha, akakirudisha, akawasha. Ubaridi ukashuka taratibu, mapazia yakatikisika. Mama Bibiane akafumba macho.

"Bukavu kwetu, asubuhi," alinong'ona. "Miaka kumi na miwili sijaisikia hewa hii."

Nerima alikuwa akisubiriwa na mteja mwingine, mtaa wa Mengo. Hata hivyo aliketi sakafuni kando yake, naye akafumba macho.