Pole Iliyomrudisha Mama Trei na Ugonjwa

Jua halijachomoza vizuri, na Mama Trei anaokota mayai huku akiwasuta kuku wake. "Jamani, ndiyo haya tu? Mnanifanyia mgomo baridi?"

Kuku arobaini wanamkodolea macho. Banda lilijengwa kwa ajili ya mia tatu, na ukimya wake unasikika mpaka jikoni.

Ugonjwa, homa ya matumbo ya kuku, uliingia kwa adabu zote. Jirani alikuwa ameanza kupoteza kuku, na Mama Trei, mtu wa watu, hakuona vyema kutuma salamu tu. Alienda, akazama bandani, akabeba mizoga pamoja na mwenzake. Halafu akarudi moja kwa moja kulisha wa kwake, na ndala zilezile.

"Nilienda kutoa pole, nikarudi na msiba miguuni," anasema. Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Kuku walianza kuzubaa, wakaharisha, wakafa. Zamani alijaza trei nane kwa siku. Leo hata moja haijai. Dawa nazo zikala karo ya kitindamimba wake.

Hao arobaini walipona. Wanadonoa, wanataga, vishungi vyekundu. Lakini daktari wa mifugo amemwambia bado wamebeba bakteria: vifaranga wapya wakiletwa humo, watakufa vilevile. Wauawe wote, azike, apulize dawa, banda lipumzike.

Mnunuzi wa kuku ana mawazo yake. Amesimama getini na matenga matupu.

"Dada, nipe mimi hao. Kuna mama anaanza ufugaji, anawachukua leoleo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, kaka. Na huyo mama wakimfia, nani ataenda kumpa pole? Wewe?"

"Roho nzuri hailipi karo, dada."

"Hailipi. Haya, funga geti ukitoka."

Nyuma ya nyumba, mumewe, fundi cherehani asiyezoea jembe, anachimba shimo huku akihema. "Mke wangu, hili linatosha?"

"La kuku, baba watoto, si la tembo."

Mpango wake ni kuanza upya na vifaranga mia, banda likishakuwa salama. Kikundi chao cha kina mama kimekubali kumkopesha. Mlangoni ataweka beseni la dawa, na hatapita mtu bila kuchovya miguu, "hata mama mkwe."

Daktari amefika. Mama Trei anafuta mikono kwenye kanga, anainama, anamnyanyua kuku wa kwanza taratibu na kumkumbatia kwapani.

"Twende, mwanangu. Wenzako wapate pa kuishi."