Nyumba ya Maka Ilivyofuliwa

Nianze na meno ya Maka, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Maka ndiye mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Iftin. Amenipangisha chumba tangu nilipoletwa Garissa kufundisha, na kila asubuhi huenda sokoni kuuza maziwa ya ngamia. Ni mjane. Marehemu Abdille alimwachia kiwanja hiki, binti mmoja aitwaye Fosia, na shemeji aitwaye Dekow. Ningeulizwa mimi, ningesema Abdille angefanya hisani akaondoka na huyo ndugu yake.

Fosia alipoposwa, Maka alianza kutafuna magome ya mgunga. Dada yake Weris aliyatuma kwa basi kutoka Lafey, walikozaliwa, yakiwa yamefungwa mafungu kama kuni. Unayatafuna mpaka yalegee, unachambua nyuzi, unazisokota, ndipo unasuka mkeka. Halafu mkeka mwingine, na mwingine, hadi iwe ya kutosha kufunika aqal, ile nyumba ya miti iliyopindwa ambayo mama wa Kisomali humjengea binti yake akiolewa. Miezi ikapita, mashavu yamemvimba, midomo imekuwa ya kahawia, na bado anatafuna.

“Mama Fosia,” nilimwambia siku moja, “si ununue kamba za nailoni?”

“Abaayo, dada yangu, nailoni iko ya kufunga mbuzi,” akanijibu bila kuacha. “Hooyo yangu alitafuna ya mimi. Mimi natafuna ya Fosia.”

Jino lake la mbele lilipasuka kabla mikeka haijafika nusu. Alitema kipande kiganjani, akakitazama, akasema alhamdulillah, akahamishia kazi upande wa pili wa mdomo. Alitaka kitu kimoja tu katika harusi nzima: Fosia na mumewe, Abdirahim, wakae ndani ya aqal hiyo siku saba za kwanza, hapa hapa uani, kisha waende zao kwenye nyumba yao ya kupanga yenye vigae. Abdirahim, kijana mpole wa ofisi za kaunti, alisema ni sawa. Kwa nini isiwe sawa?

Lakini harusi ilikuwa ya Dekow. Baba hayupo, kwa hiyo yeye ndiye wa kumwozesha Fosia, na basi akavimba kichwa. Ana maduka, ana gari kubwa, ana wageni wakubwa wa kutoka Nairobi. Kila kikao cha familia alikuja na jambo jipya: mara keki ya ghorofa, mara kapeti nyekundu, mara mpiga picha wa kurusha kamera angani. Maka akitaja aqal, Dekow anasema, “Hakuna shida, hakuna shida,” macho yakiwa kwenye simu. Mimi nilikuwa nikipita na beseni langu la nguo, naona kila kitu, damu inanichemka. Mtu anayesema hakuna shida mara mbili hajakusikia hata mara moja.

Nikamvaa Fosia. “Mbona wewe husemi? Mama yako anamaliza meno, na wewe umekaa kimya kama mgeni!”

“Mwalimu, wacha tu,” akasema, akichezea ncha ya mtandio. “Adeer ndiye ananiozesha. Nikibishana naye saa hizi italeta noma.”

Nilimwita mwoga. Nilimwambia wazi wazi, na akalia, na sikumbembeleza.

Wiki ya harusi wanawake wa ukoo wakaja. Wakachimbia miti, wakaipinda, wakaifunga, wakaitandaza mikeka ya Maka juu yake huku wakiimba na kupiga vigelegele. Jua lilipogeuka, aqal ilikuwa imesimama katikati ya uwanja, nyekundu na nyeusi, ya duara, mlango wake mfupi kiasi cha kumfanya kila mtu ainame. Ndani wakafukiza uvumba wa uunsi. Maka aliingia, akaketi peke yake kidogo, akatoka akicheka na lile pengo lake. Miezi yote ile sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

Siku iliyofuata, yeye alikuwa sokoni na mimi shuleni. Niliporudi nilimkuta Maka amesimama langoni, debe la maziwa bado mkononi. Aqal ilikuwa mifupa mitupu. Na kwenye ua, mikeka yote imetandazwa chini inachuruzika maji, na Hesbon, yule bwana wa kukodisha mahema na viti, anairushia pampu ya kuoshea magari. Povu limejaa hadi mlangoni kwangu. Kuna chupa za dawa ya kutoa madoa. Ile rangi nyekundu ilikuwa inatiririka kuelekea barabarani.

Mikeka hiyo haiogopi mvua. Imeumbwa kwa mvua. Lakini pampu ile hutoa tope lililoganda kwenye chuma cha lori. Nyuzi zilikuwa zimefumuka, matundu ya kupitisha ngumi, na ile dawa imeacha mabaka meupe kila mahali.

“Waryaa!” Maka akapiga ukelele. “Nafanya nini? Wewe nafanya nini na nyumba yangu?”

Mimi sikungoja jibu. Nilimtukana Hesbon kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kimeru. Nilimnyang'anya ule mpira wa maji mkononi. Maskini alirudi nyuma mpaka ukutani.

“Mwalimu, mimi niliambiwa!” akasema. “Mzee Dekow amenipigia simu asubuhi. Nimekuja kupima mahali pa hema, akaniambia, ‘Hiyo mikeka ya yule mama, fua yote leo, wageni wasione.’ Nikadhani wasione uchafu. Hata nimenunua sabuni na pesa yangu, nikasema ni harusi, wacha ing'are!”

Nikaanza kumtukana upya, kwani ni nani duniani anayefua nyumba? Maka akainua mkono kuninyamazisha. Uso wake ulikuwa umebadilika.

“Alisema nini? Sema tena.”

“Fua yote. Wageni wasione.”

Maka akaweka debe chini. Polepole akavuta shali lake kutoka mabegani, akalishika mbele ya uso wangu.

“Mwalimu, hii nafanya nini?”

“Unavua shali.”

“Haa. Nafua,” akasema. “Nafua shali.”

Hapo ndipo akili yangu ilipofika. Miaka yote hii Maka ananiambia fiatu, fitanda, fyombo, nami nasikia sawasawa bila hata kufikiri, lakini siku hiyo ilibidi nionyeshwe kwa shali. Dekow hakumwambia Hesbon afue chochote. Alimwambia aivue nyumba. Aivue mikeka yote, ibaki miti, miti ing'olewe, hema lisimame hapo, na wageni wake wa Nairobi wasijue kwamba iliwahi kuwapo. Hesbon na sabuni yake alikuwa ameiharibu kwa heshima. Yule mwingine alitaka kuifuta kabisa.

Fosia, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kupakwa hina, alimpigia adeer wake pale pale, simu kwenye spika. Waliongea Kisomali, kwa ukali, na Dekow hakukana hata kidogo. Fosia akakata simu, akatugeukia.

“Anasema watu wakubwa wataona hiyo kitu wafikirie harusi iko kambi ya wakimbizi.”

Kambi ya wakimbizi! Kitu alichozaliwa ndani yake mama yake mwenyewe Dekow! Nilitaka kwenda dukani kwake nikamwage maji yote yale ya sabuni mlangoni. Maka aliinama, akaokota mkeka mmoja, akaukamua kwa mikono miwili kama mtu anayenyonga kuku.

Wanawake wakaitwa tena. Safari hii hawakuimba. Waliivisha aqal ile mikeka jinsi ilivyokuwa, na mabaka yake na matundu yake, wala hawakugeuza upande mzuri nje. Hesbon akaleta kamba zake bila kuombwa, na hema akalisimamisha barabarani, nje ya lango. Dekow alipompigia kumfokea, Hesbon akasema hema limekwisha simama na hawezi kulitoa.

Siku ya nikaha, wanaume walikaa hemani na sheikh. Kabla ya kufunga ndoa, walii, yaani yule anayemwozesha binti, huja upande wa wanawake na mashahidi wawili, amuulize bibi harusi kama amekubali. Msichana akinyamaza, kimya chake ni ndiyo. Kwa hiyo kazi yake Fosia ilikuwa kunyamaza tu, na kunyamaza, kama nilivyokwisha sema, alikuwa anakuweza sana.

Dekow akaja na kanzu nyeupe inayometameta, mashahidi nyuma yake. Akaelekea mlango wa nyumba ya mawe. Ramlo, binamu yake Fosia, akamsimamisha.

“Hayuko huku. Yuko kwa nyumba ya mama yake. Anasema umuulize huko, na ukiulizia mlangoni hasikii.”

Dekow akageuka, akaitazama aqal ile ya mabaka kana kwamba imemtemea mate. Wageni wake wa Nairobi walikuwa wanachungulia kutoka hemani. Sheikh ameshakaa, Abdirahim ameshakaa, simu za watu ziko juu zinapiga picha. Akamwita Fosia kwa jina kutoka pale alipokuwa. Kimya. Akaita tena kwa sauti ya mtu mwenye maduka. Sasa kile kimya hakikuwa ndiyo, na kila mwanamke pale alijua.

Nilimwita mwoga yule msichana. Wallahi siku hiyo nilitaka kumbeba mgongoni.

Dekow akavuka ua. Mlangoni pa aqal alikuwa ameketi Maka, miguu ameinyoosha, akimzuia njia. Akainama kuingia, akidhani Maka atasogea. Maka hakusogea. Alitazama viatu vya Dekow, vyeusi, vya kamba, vilivyopigwa rangi mpaka mtu ajione. Angeweza kumwambia kwa Kisomali. Ni lugha yao ya kila siku. Alichagua Kiswahili, tena kwa sauti ya kumfikia Hesbon kule langoni.

“Dekow,” akasema. “Fua fiatu.”

Hesbon alishika mdomo. Mimi sikushika wangu, nilicheka kwa nguvu na sijutii. Dekow alisimama pale uso umemwiva, akamtazama shemejiye, akatazama simu za watu. Kisha akachutama na kuanza kufungua kamba za viatu, kimoja, halafu kingine. Maka akavuta miguu. Yule bwana akapita kwa magoti.

Kupitia tundu moja la mkeka, kazi ya pampu ya Hesbon, nilimwona akiwa amepiga magoti mbele ya Fosia akimuuliza kama amekubali. Fosia alimwacha akae hivyo kwa muda kabla ya kumjibu.