Sanduku la Baba na Makaratasi ya Mmarekani

Baba alipohamia kwetu ughaibuni, mtaa wa Troyeville, baada ya kumzika mama, alikuja kutoka Dodoma na begi moja la nguo na sanduku la bati lililojaa makaratasi yake: ya jeshini kwanza, kisha ya ubalozini. Hazikupita wiki nyingi akatangaza kwamba Jumamosi, tukiwasha moto wa nyama, atayachoma yote. Nilikasirika. Akaniuliza atamwachia nani, ikiwa wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza na karatasi zote ni za Kiswahili. Swali hilo liliniuma.

Kazi yangu, katikati ya jiji huko Marshalltown, ni kutunza nyaraka za marehemu. Siku hizo nilikuwa nazo za Mmarekani mmoja wa karne ya kumi na tisa, askari aliyegeuka mwanadiplomasia. Nampenda yule mzee, sifichi. Kwenye rasimu zake unakuta neno la kudai limekatwa, juu yake limeandikwa la kuomba. Mtu aliyezoea kuamrisha, na nywele zimeshaota mvi, anajifundisha kubembeleza.

Ijumaa nikampeleka baba kazini kwangu. Alizipitia zile karatasi zilizopangwa mezani kwa heshima, mikono nyuma, mpaka akafika kwenye barua ambamo mkubwa wa yule Mmarekani alimkaripia vibaya sana. Ilikuwa katikati ya barua za pongezi.

"Mbona hamkuitoa hii, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba hatugusi mpangilio. Kila karatasi inabaki pale mwenyewe alipoiweka, ya sifa na ya aibu.

"Aliiweka mwenyewe, baba. Ndiyo maana hizo za sifa naziamini."



Jumamosi moto ukawaka, naye akatoka na sanduku lake. Akalipita jiko, akaketi, akamwita binti yangu mdogo na kumpa karatasi moja asome.

"Eish, babu, ni ngumu."

Babu akajifanya hasikii. Mtoto akaanza, akikwama kila mstari: ofisa huyu ni mkaidi, ofisa huyu amedharau amri ya mkubwa wake. Akainua macho, akauliza ofisa gani huyo.

"Ni mimi," baba akasema, kwa fahari ambayo sikuwahi kuisikia hata siku aliyovishwa nishani. "Soma. Usiruke hata neno."