Nundu Iliyogeuziwa Ndani

"Nilikuazima spana, sikukuazima jeneza!"

Hivyo ndivyo mume wangu alivyomfokea mdogo wake Jumapili ile jioni kibandani kwetu, na mtaa mzima ukasikia. Mume wangu ni fundi wa matairi na sauti ya chini hana. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, tairi lenye uvimbe ubavuni lilipompasukia akilijaza upepo. Mwenye gari alikuwa ameapa kuwa ni zima, naye akalitazama tu akakubali. Umri miaka ishirini na mbili, kiburi debe, ujuzi kibaba. Tangu siku hiyo haamini neno la mwenye gari wala macho yake mwenyewe, anaamini kiganja tu. Tairi hulipapasa nje na ndani, taratibu kama mkunga. Wateja humtania: "Bwana Upepo, unajaza au unaposa?" Hajibu. Wanadhani hasikii. Anasikia anachotaka. Mimi ndiye mkewe, najua.

Sasa huyo shemeji yangu ana kigari cha kubeba wanafunzi. Kila asubuhi hupanda ukingo wa barabara mbele ya geti la shule, eti watoto wasikanyage tope. Na matairi huyaacha na upepo kidogo, eti gari lisirushe. Tairi legevu likigonga ukingo, ubavu hubanwa kati ya zege na chuma cha ringi, nyuzi za ndani zikakatika. Wewe nje huoni kidonda. Upepo ndio unaokiona, unapenya na kuusukuma mpira, na hapo nundu inaota.

Jumapili ile alikuja kujaza upepo tu. Mume wangu akapapasa tairi la nyuma kushoto. Nje, laini. Akapitisha mkono upande wa ndani, mkono ukasimama.

"Nusu limao," akasema. "Na alama yangu ya rangi nyeupe imekwenda wapi? Mimi huiweka nje."

Shemeji akatazama mawingu.

Kumbe nundu alikuwa ameiona wiki nzima. Akalifungua gurudumu kwa spana aliyoiazima kwa kaka yake miaka miwili nyuma asiirudishe, akalipeleka tairi kwa fundi mwingine ligeuzwe, uvimbe ukae ndani wazazi wasiuone. Akili ya kuficha maiti uvunguni.

"Kaka, shule zinafungwa Ijumaa. Siku tano tu, halafu nalibadilisha. Au weka kiraka."

"Kiraka kinaziba tundu! Hapa hakuna tundu, hapa ukuta umeanguka. Watoto kumi na tisa, na lami ya moto. Likipasuka kwenye mteremko, usukani hautakuuliza unakwenda wapi."

"Wewe tangu sikio lako lipotee unaona ajali hata kwenye baiskeli."

Nikatua ndoo chini.

"Shemeji, unajua nani anakaa juu ya gurudumu hilo? Kitinda mimba wangu. Kiti amekichagua mwenyewe, ili amwone baba yake mdogo akiendesha. Kesho hapandi. Lakini wale kumi na wanane, mama zao hawakuolewa na fundi wa matairi."

Shemeji akapanda garini. Akabamiza mlango, akaondoka na nundu yake.

Jumatatu, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa barabarani. Mume wangu alikusudia kusimama katikati ya njia, agongwe au gari lisimame. Kwa kawaida shemeji hutufikia akiwa ameshabeba nusu ya watoto, na ameshashuka mteremko wa machimbo. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Saa moja kasoro dakika kumi. Mume wangu akageuza sikio zima upande wa mteremko, akafumba macho. Mwanamke akatokea kule akikimbia, viatu mkononi, nikajua tairi limepasuka. Kumbe anawahi kazini.

"Mama, mbona unanibana mkono?" mwanangu akauliza.

Saa moja kamili tukamwona shemeji anakuja kwa miguu, anasukuma tairi kama mtoto anayecheza, ila uso si wa mchezo. Spana begani.

"Watoto wako wapi?" mume wangu akapaza sauti.

"Makwao. Sijapakia hata mmoja, wazazi nimewapigia simu." Akalisimamisha tairi mbele ya kaka yake. "Jana nilipotoka hapa nilikwenda kujaza kwa yule fundi mwingine. Leo kabla ya kuwasha nikapapasa, maneno ya shemeji hayakutoka kichwani. Lililala limao, limeamka chungwa."

Mume wangu akalibingirisha tairi hadi kibandani. Akatoa upepo wote, akapasua tairi kwa kisu, akafunua ubavu. Nyuzi zilikuwa zimekatika, zimesimama kama nywele kwenye kitana. Shemeji akabonyeza kidole gumba pale palipovimba. Mpira ukafuata kidole, mwembamba kama puto. Akakaa juu ya ringi kuukuu, mikono magotini.

Kwenye ukuta wa kibanda kuna msumari uliokaa bila spana miaka miwili. Haruhusiwi mtu kuugusa. Shemeji akainuka, akainyoosha spana kwa mikono miwili. Mume wangu akaipokea, akaigeuzageuza juani.

"Ina kutu."

"Nipe msasa, kaka."

Akampa. Mimi nikamshika mwanangu mkono, tukaenda shule kwa miguu.