Damu ya Wiki Chache

Kila asubuhi, kabla ya kumpokea mtoto yeyote kwenye banda la kulelea watoto wa wachuna chai, Wilkista alimgeuza na kuweka sikio mgongoni mwake. Kifua kikikwaruza, mama alirudi naye nyumbani na siku hiyo hakuchuna chai. Akina mama walimwita askari. Yeye aliendelea kusikiliza.

Alitoka kando ya ziwa kama wengi wetu kambini. Alizaa watatu, akazika watatu, mume akaoa mwingine. Hayo aliyasema kama mtu anayekuambia jana alikula nini.

Mwaka wa 1934 surua iliingia kambi ya chini. Dresa Kepher, mhudumu wa zahanati ya shamba, akaja kwetu na sindano. Alisema mtoto mchanga bado analindwa na damu ya mama yake, lakini akipita miezi sita hivi hiyo nguvu inaisha. Kwa hivyo angetoa damu kwa mama aliyewahi kuugua surua, amdunge mtoto pajani.

Adoyo, ambaye tulichuna naye mstari mmoja, hakuwahi kuugua. Phelix wake alikuwa na miezi kumi.

“Toa yangu,” Wilkista akasema. “Mimi niliugua mpaka wakanichimbia kaburi. Shimo liko mpaka leo.”

Phelix akadungwa damu ya Wilkista. Alitoka vipele vichache, akakohoa siku nne, akapona. Kambi ya chini walizika watano.

Wilkista akaanza kumwita Phelix mwanangu. Hakuna aliyemkataza, maana kwetu damu haiingii kwa mtu halafu ikawa si kitu. Ila Okoth, baba mtoto, aliona mbali: kijana akikua hataweza kuoa kwa ukoo wa Wilkista. Akampelekea kuku kulipia damu, ili mambo yaishe.

“Kuku ni wa nini, shemeji? Mimi siuzi mtoto.”

Okoth akaenda kwa dresa, akataka ile damu itolewe. Jumamosi Kepher akaja bandani, sote tukiwa hapo.

“Haitoki, Okoth. Lakini inaisha yenyewe. Kinga ya kuazima ni ya wiki chache tu, na sasa ni miezi mitatu. Aliyo nayo sasa amejitengenezea mwenyewe alipougua.”

“Yangu imeisha yote?” Wilkista akauliza.

“Yote, mama.”

“Hata kidogo haikubaki?”

“Hata kidogo.”

“Basi kuku tutakula wenyewe,” Okoth akasema, na watu wakacheka.

Wilkista alikuwa amempakata Phelix. Akamfuta kamasi, akampa Adoyo.

“Shika mtoto wako.”

Akajifunga kitambaa kichwani, akashika barabara ya Sigowet, ile ya kushuka ziwani. Jumatatu akina mama walisimama bandani na watoto mpaka nyapara akaanza kuita majina. Wilkista hakuja, wala wiki iliyofuata.