Kigae cha Limi

Nkwabi hakuwa mwizi wa kuzaliwa, wala hakuiba kwa njaa. Tuyaseme hayo mapema, maana ndiyo aliyojitetea nayo mpaka yeye mwenyewe akachoka kuyasikia. Alikuwa mkulima wa upande wa Tinde, mwenye mke aitwaye Limi, binti yao mdogo Mageni, na uvivu wa kadiri.

Mwaka wa 1936 alikufa mzee mmoja kijijini, na kama ilivyo desturi wanaume wote walitoka na majembe kwenda kuchimba kaburi. Nkwabi naye alikwenda. Alichimba kidogo, akasema tumbo linamsokota, akaacha jembe, akaondoka moja kwa moja hadi kwenye zizi la jirani yake Mabula, ambaye wakati huo alikuwa kaburini amezama hadi kiunoni, akitupa udongo juu. Akaswaga mitamba miwili kuelekea Geita, kwa wachimba dhahabu, watu wasiouliza nyama imetoka wapi. Hakufika. Alikamatwa siku ya pili na kufungwa miaka miwili.

Kijiji nacho kilikuwa na hukumu yake. Aliyeacha jembe kaburini akaenda kuiba hapewi moto, yeye wala watu wa nyumba yake, mpaka aje mwenyewe apige magoti mbele ya mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji, na kulitaja kosa lake kwa kinywa chake. Hakuna wa kumsemea. Nkwabi aliijua desturi hiyo tangu utotoni, ila huko gerezani aliona heri asiikumbuke.

Gerezani alikuwa mpole kupita kiasi, akapunguziwa miezi mitano kwa tabia njema. Tabia njema! Akatoka kabla ya siku yake, akashika njia ya kwao, akafika hadi kijito cha mwisho. Ng'ambo aliona moshi wa nyumba za watu anaowajua kwa majina. Akageuka, akaenda kwa Mwalimu Marselino.

Huyu Marselino alikuwa katekista, mwenye nyumba ndefu ya udongo mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijijini. Aliwapokea wanaume waliotoka kifungoni wakakosa pa kuingilia. Humo ilikuwa sala asubuhi na jioni, kufyatua matofali mchana, na hakuna kuulizana makosa. Hata mmoja aitwaye Akida, Mwislamu wa Shinyanga mjini aliyefungwa kwa kumvunja mtu mkono, alikaa humo na kuswali nyuma ya tanuri bila kusumbuliwa. Mgeni wa mwisho kuingia ndiye aliyelinda moto wa nyumba, na kumpa kila aliyekuja kuomba.

"Kaa kwanza uupate moyo wako," Mwalimu alimwambia Nkwabi. "Ukiwa tayari nitakusindikiza kwenu."

Nkwabi akautafuta moyo wake miezi minne.

Juma la pili tu, mwanamke alitokea njiani ameshika kigae cha chungu. Nkwabi alimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa Limi. Akaruka nyuma ya rundo la kuni, akampungia Akida mkono ampe yeye moto. Limi akapokea makaa, akayafunika kwa mavi makavu ya ng'ombe aliyookota njiani, akashukuru, akarudi alikotoka. Baada ya siku chache akaja tena, na tena. Nkwabi alijiambia labda anatoka hospitali Kolandoto, labda anapita tu. Kila mara alijificha, na kila mara alichungulia.

Asubuhi moja Akida, mtu asiyeweza kuuzuia mdomo wake, aliuliza.

"Mama, kwenu hakuna moto hata uje kuuomba kwa wafungwa?"

"Upo," Limi akasema. "Sipewi. Mume wangu aliacha jembe kaburini."

"Si ununue kibiriti Tinde?"

"Nani atanunua kuku wangu, baba? Mtu aliyetengwa hauzi wala hanunui. Mtoto wangu hachezi na wenzake. Lakini mavuno haya kifungo chake kinaisha. Akija tu, akipiga magoti, yamekwisha. Siku moja tu."

Nyuma ya kuni, Nkwabi alihisi uso unamwaka. Miezi minne alikuwa amejificha na aibu yake, akidhani ni yake peke yake, kumbe aliyeibeba ni huyu, kwa miguu, katika kigae. Akajitokeza. Hakujua aweke wapi mikono.

Limi hakupiga kelele. Alitazama shati lake lenye udongo, akatazama matofali, akaelewa.

"Baba Mageni. Uko hapa tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupanda."

"Mimi nimekuja mara ngapi?"

Angeweza kusema hajui. "Mara kumi na moja," akasema.

"Zote uliniona?"

"Zote."

Limi akaweka kigae chini, mbele ya miguu ya Nkwabi. "Basi leo beba wewe."

Mwalimu alitaka kuwasindikiza, Limi akamwambia hapana. Nkwabi akatia makaa, akabeba. Kijitoni wanawake waliacha kuchota maji wakawatazama, na hakuna aliyewasalimu mwangaluka, ingawa ilikuwa asubuhi bado. Kigae kilimchoma vidole, asithubutu kukibadilisha mkono.

Alipiga magoti uani kwa mwanangwa Bujiku. Watu wakaitwa, Mabula akiwa mmoja wao.

"Niliacha jembe kaburini," Nkwabi akasema. "Nikaiba mitamba ya Mabula, naye akiwa shimoni."

Bujiku akamgeukia Mabula. Mabula akaitikia kwa kichwa.

"Mpeni mwanamke moto," Bujiku akasema. "Huyu tutamsikiliza kesho."

Mke wa Mabula akaingia jikoni, akatoka na kaa jekundu katika kigae kingine. Limi akakipokea kwa mikono miwili, akaenda kwake bila kugeuka nyuma. Ikawa imekwisha. Nkwabi alibaki amepiga magoti na kigae kilichokwisha kupoa, akaona aibu kuliko siku aliyohukumiwa, maana jambo aliloliogopa miezi minne lilikuwa limekwisha kabla jua halijafika hata utosini.