Siku Niliyomzika Mama Akiwa Hai

Nakumbuka siku moja, katika miaka ya sabini, nilisimama mbele ya meza ya karani wa vizazi kule Kibondo nikamuua mama yangu kwa neno moja. Usishtuke, mwanangu. Mama alikuwa mzima kabisa, yuko dukani kwetu Kasulu anapima chumvi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha kusoma. Mama huyo hakunizaa. Yeye na marehemu baba, watu wenye asili ya pwani, waliniasili mahakamani nikiwa mchanga, wala hawakunificha. Lakini nilitamani kumjua aliyenizaa, na kila nilipotaka kuuliza ulimi ulikuwa mzito. Niliogopa Mama ataona simthamini. Basi nikaaga kwamba naenda kumwona rafiki, nikapanda lori hadi Kibondo.

Karani alikuwa Mha wa makamo, mpole. "Binti," akasema, "daftari la mtoto aliyeasiliwa halifunguliwi bila ruhusa ya mahakama. Na aliyekulea lazima aitwe aseme kama anaridhia."

Nikamwona Mama akilini, akisimamishwa mbele ya hakimu kwa ajili yangu. Nikasema, "Mama amefariki."

Akavua miwani. "Pole sana, mwanangu." Akanipa kiti. Kisha, kwa huruma tu, akafungua daftari na kufunika ukurasa kwa kiganja, akabakiza neno moja. "Ruhusa utaileta. Ila jina ulilopewa ulipozaliwa, lisikie. Uliitwa Butoyi."

Nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani kazi imekwisha.

"Na Bukuru yuko wapi?" akauliza.

"Simjui Bukuru."

Alinitazama kwa mshangao. Kiha changu kiliishia kwenye salamu na bei ya sukari, mwanangu. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili tu. Akanieleza taratibu kwamba kwa Waha pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Kumbe nilikuwa na mwenzangu.

"Humu haikuandikwa nani alimchukua," akasema. "Aliyekulea ndiye angejua. Bahati mbaya ametangulia."

Nikinyamaza nampoteza ndugu yangu, nikisema naumbuka. Nilitafuta uongo wa pili, sikuupata.

"Mzee, Mama yu hai."

Hakunifokea, afadhali angefoka. Alifunga daftari, akavaa tena miwani yake. "Basi rudi Kasulu ukamfufue," akasema. "Sifungui tena mpaka nimwone."

Nilimweleza Mama yote, hata lile neno. Akaweka chini kijiko cha chumvi. "Kumtafuta mama yako si kosa," akasema. "Ungeuliza ningekuambia. Kuanza mwenyewe niliogopa, nikidhani ukishamjua pacha wako utahamia huko. Hilo kosa langu. Lakini kunizika kumeniuma."

Siku tatu hatukusemeshana zaidi ya salamu. Nilikula bila kujua ninachokula. Siku ya nne akavaa buibui lake la sikukuu, akaniambia twende mahakamani.

Hakimu alipomuuliza kama anaridhia, alinigeukia kwanza, akanitazama machoni. Nikajua kabisa nastahili kunyimwa.

"Naridhia," akasema. "Ni haki yake."

Tukaenda wote Kibondo na ruhusa, daftari likafunguliwa, nikasoma jina la mama mzazi kwa macho yangu. Mama akanieleza kwamba alifariki siku aliyotuzaa. Bukuru alichukuliwa na bibi yetu kule Mabamba, na Mama aliijua njia. Tulimkuta Bukuru shambani anapalilia maharage, sura yangu tupu. Kabla hajanigusa mimi, alimshika Mama mikono yote miwili. "Asante kwa kunitunzia mdogo wangu," akasema. Mama akalia. Nami nililia kwa aibu, kwa sababu mtu aliyekuwa akishukuriwa pale ndiye niliyekuwa nimemtangaza marehemu ili nisimwone akiumia.

Mwanangu, kama ulilelewa na asiyekuzaa, kumbukumbu za kuzaliwa kwako ni zako. Zidai kwa sheria, mchana kweupe, bila haya. Ila aliyekulea asikie kwanza kinywani mwako, hata kama atanuna siku tatu. Maumivu yake ni yake kuyabeba, si yako kuyafuta kwa uongo. Na wewe unayelea mtoto wa mwenzio, usikae ukingoja kuulizwa, kama tulivyongojana sisi.

Mungu akuongoze uwajue wote walio wako, na kila utakayemwita mama aishi akuitikie.